Korongo la Ol Njorowa na wimbo wa Simba na Nala

Kuta hizi zilichongwa na maji ya Ziwa Naivasha, enzi lilipokuwa kubwa na kufurika kuelekea kusini. Mvuke unaouona upande wa Olkaria unazalisha umeme tangu 1981. Eneo hili likawa hifadhi ya taifa, Hell's Gate, mwaka 1984.

Kabla ya filamu ya katuni The Lion King (1994), baadhi ya watengenezaji wake kutoka Disney walikuja hapa kutazama majabali, nyasi na wanyama. Katika filamu hiyo simba wawili, Simba na Nala, wana wimbo wao wa mapenzi, “Can You Feel the Love Tonight”. Muziki ni wa Elton John, maneno ya Tim Rice. Walioimba sehemu za wapenzi hao ni Joseph Williams na Sally Dworsky. Awali wimbo huo uliandaliwa uwe wa kuchekesha, uimbwe na Timon na Pumbaa, rafiki zake Simba. Elton John alipinga, na alifanya vyema: ulishinda Oscar mwaka 1995. Yeye mwenyewe anauimba filamu inapomalizika. Mwaka 2019 Beyoncé na Donald Glover waliuimba upya, kwa ladha ya soul.

Mvua ikinyesha, hata mbali, ondoka korongoni mara moja, maana mafuriko huja ghafla.