Ng'ombe wa Mahari na Mlango wa Kutokea

Katika eneo la Nyaribari nchini Kenya, ambamo Kiogoro imo karibu na mji wa Kisii, mke aliyepata madhila kwa mumewe hakuweza zamani kuipanga safari ya kutoka pasipo kujiuliza kwanza ng'ombe wake wa mahari wako wapi. Aghalabu hawakukaa zizini kwa baba. Walitolewa tena ili kaka yake apate kuoa, na hivyo mwanamke aliyerudi kwao na alama za mapigo mwilini aliwakuta akraba waliomhurumia kwa dhati, ilhali wakijua ya kuwa kumpokea moja kwa moja kungewapasa kurudisha mifugo iliyokwisha kujenga nyumba nyingine. Wazee wakakutana, mume akanasihiwa, na mke akarejeshwa. Aliyekwisha kufanyiwa enyangi, sherehe ya kukamilisha ndoa, na kuvikwa ebitinge, pete za chuma za miguuni, alikuwa katika kifungo kigumu zaidi, na watoto walihesabiwa kuwa wa yule aliyetoa ng'ombe.

Waingereza walipotawala, kadhia hizi zilihamia katika ritongo, mabaraza ya wenyeji, ambako, kama alivyobainisha mwanahistoria Brett Shadle katika kitabu chake cha mwaka 2006, baba, mume na mpenzi walishitakiana juu ya wanawake na mifugo. Baadhi ya wanawake walitambua hila ya pekee iliyokuwapo: kutoroka na mwanamume mwingine ambaye angelipa ng'ombe, ili mume wa kwanza arudishiwe ng'ombe wake. Njia hiyo iliwatoa katika mamlaka ya mume mmoja ikawatia katika yale ya mwingine.

Sheria za leo zimeupanua mlango. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inawapa mume na mke haki sawa katika ndoa na katika kuvunjika kwake. Sheria ya Ndoa ya 2014 inahesabu ukatili kuwa sababu ya kuivunja hata ndoa ya kimila. Na sheria ya 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani inamruhusu mdhulumiwa kuomba mahakamani amri ya ulinzi. Lakini amri haimsindikizi mtu njiani, na saa ya kuondoka mara nyingi ndiyo yenye hatari kuliko zote. Kwa hiyo mwenye busara hujiandaa kwa siri: huweka mapema kitambulisho, vyeti vya watoto, dawa na akiba kidogo kwa mtu amwaminiye ambaye mume hamshuku, hupatana na jirani juu ya ishara ya kuomba msaada, huchagua saa ambayo mume hayupo, hutumia simu ambayo mume haipekui, na akiumizwa huenda hospitali na polisi, akajaziwa fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha, maana ushahidi ulioandikwa hauwezi kukanwa kwa urahisi. Namba 1195 ya msaada kwa wanaodhulumiwa hupigwa bila malipo, usiku na mchana.

Pamoja na hayo, swali la zamani halijafutika: ni nani atakayempokea asimrudishe? Hapo ndipo wazee na kaka za Kiogoro wanapostahili kuigeuza hesabu ya mababu zao, kwani aliyeoa kwa ng'ombe wa dada yake ana deni kwake, na deni hilo hulipwa kwa kumwambia mapema, kabla hajapigwa tena, ya kuwa mlango uko wazi na mifugo haitatajwa.