Kuingia shamba la mifugo au kituo cha utafiti bila ruhusa: sheria inasemaje?

Kuanzia Usa River na Tengeru hadi Ngaramtoni na Njiro, ukanda wetu huu wa Mlima Meru una vituo vingi vinavyofuga, kutibu au kuchunguza wanyama. Wasikilizaji wetu wengi wamepakana navyo uzio kwa uzio, na wengine wana vijana wao wanaofanya kazi humo. Wapo pia wenye mabanda yao ya ng'ombe wa maziwa na kuku wa mayai, ambao wamewahi kuamka asubuhi wakakuta uzio umekatwa.

Maswali tunayopokea ni ya pande zote mbili. Mmoja anauliza: "Mtu akiingia bandani kwangu usiku na kuwapa ng'ombe sumu, atashtakiwa kwa sheria gani?" Mwingine anauliza: "Nikiona wanyama wanateswa kwenye shamba la tajiri, nikisema nitafungwa?" Makala hii inajibu yote mawili.

Kwa ufupi

- Tanzania haina sheria moja maalumu ya kulinda mashamba ya mifugo na vituo vya utafiti wa wanyama. Ulinzi wake umegawanyika katika sheria kadhaa.
- Kuingia kwa nia mbaya, kuharibu mali, kuiba, kuua au kujeruhi mnyama wa mtu, vyote ni makosa ya jinai.
- Mwenye shamba au kituo naye anabanwa na sheria. Haruhusiwi kumtesa mnyama wala kuficha ugonjwa.
- Kutoa taarifa ya ukatili au ugonjwa kwa mamlaka si kosa. Kuvunja uzio ili kupata ushahidi kunaweza kuwa kosa.

Vituo tunavyovizungumzia

Usa River kipo Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, kinachojulikana kwa kifupi NAIC. Madume bora ya ng'ombe hutunzwa pale, mbegu zao huvunwa, kisha hupelekwa kwa wafugaji sehemu mbalimbali za nchi. Mbegu hizo huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi ukitobolewa, kazi ya miaka inaharibika kwa muda mfupi, na hasara hiyo inamfikia mama mwenye ng'ombe mmoja kule Poli au Nkoaranga aliyekuwa akisubiri mtamba.

Tengeru kuna kampasi ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo (LITA) pamoja na Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Njiro ni makao ya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI). Ng'ambo ya mlima, upande wa Siha, kuna kituo cha West Kilimanjaro cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI), taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012.

Kwa nini wanazuia watu getini?

Wengi hudhani ni dharau. Mara nyingi sababu ni magonjwa. Virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo husafiri kwenye tope la viatu, kwenye matairi na kwenye nguo. Kideri huingia kwenye banda la kuku kwa njia hizo hizo. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na ikishaingia bandani inaweza kuwamaliza nguruwe wote. Ndiyo maana unaambiwa ukanyage dawa mlangoni, uvue viatu au ubaki nje.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inaipa serikali nguvu ya kuweka karantini, kuzuia kuhamisha mifugo na kutuma wakaguzi. Kumzuia mkaguzi asifanye kazi yake ni kosa, na mwenye shamba hana msamaha katika hilo.

Makosa ya anayeingilia

Sheria kuu hapa ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16.

Kuingia kwa jinai. Ni kuingia kwenye mali iliyo mikononi mwa mwingine kwa nia ya kutenda kosa, kutisha, kutukana au kuudhi. Pia ni kosa kuingia kihalali halafu ukang'ang'ania kubaki kwa nia hiyo. Adhabu ya kawaida ni kifungo cha hadi miezi 3, na hufika mwaka 1 ikiwa ni nyumba ya kuishi watu au jengo la kuhifadhia mali. Neno la kushika hapa ni nia. Mtoto aliyemfuata ndama wake aliyepenya uzio hayuko sawa na mtu aliyekuja usiku na mkasi wa kukatia waya. Hata hivyo, asiye na nia mbaya bado anaweza kudaiwa fidia ya hasara aliyosababisha.

Kuharibu mali kwa makusudi. Kukata uzio, kuvunja mtungi wa mbegu au kumwaga maziwa kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 7.

Kuchoma moto jengo. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Wizi wa mifugo. Kifungo chake kinaweza kufika miaka 15.

Kuua, kulemaza au kujeruhi mnyama wa mtu kwa makusudi ni kosa linalojitegemea. Ndiyo kusema, hata ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi yako huruhusiwi kumkata panga wala kumtegea sumu. Mwite mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, afisa ugani atathmini hasara, kisha udai fidia. Mara nyingi washili kwa upande wa Wameru, au laigwanani kwa upande wa Waarusha, huyamaliza mambo haya kabla hayajafika polisi.

Kwa walinzi na wenye mashamba: mtu mliyemkamata mnatakiwa kumfikisha polisi bila kuchelewa. Kumpiga, kumfungia stoo au kumvua nguo ni kosa jipya, na safari hii mshtakiwa ni ninyi.

Ardhi yenyewe ikiwa na mgogoro

Hapa Meru suala hili lina historia nzito. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili eneo hilo liwe la walowezi wa Kizungu wafugaji. Mpango huo ulitokana na Tume ya Ardhi ya Arusha na Moshi chini ya Jaji Mark Wilson. Nyumba zilichomwa na mifugo mingi ikafa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuieleza dunia kilio hicho, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Sheria ya siku zile ilimlinda mfugaji mmoja kwa kumfukuza mwingine. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini wazee wa huku wakiona uzio mpya huuliza kwanza ardhi ni ya nani.

Leo Mahakama Kuu imeshaeleza kwamba shtaka la kuingia kwa jinai haliwezi kusimama pale ambapo umiliki wa ardhi yenyewe unabishaniwa na haujaamuliwa katika shauri la madai. Kwa hiyo kama kijiji kina mgogoro wa kweli na shamba, njia ni upatanisho kwenye baraza la ardhi la kijiji au baraza la kata, halafu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuswaga ng'ombe ndani ya shamba ili "kuonyesha msimamo" kunaweza kuharibu kesi nzuri. Siku hiyo shauri la ardhi hugeuka shauri la uharibifu wa mali.

Upande wa pili: wajibu wa shamba na kituo

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Inakataza ukatili na inaweka masharti kwa wanaotumia wanyama kwenye utafiti. Kibao cha "Usiingie" hakimpi mtu ruhusa ya kumnyima ng'ombe maji au kumchinja mnyama kwa mateso. Pia anayeshuku ugonjwa unaotakiwa kutolewa taarifa anapaswa kuitoa. Kuuza mzoga kimyakimya ni kuhatarisha walaji na mifugo ya jirani.

Wenzetu wamefanyaje?

Mvutano huu upo duniani kote. Uingereza ilitunga vifungu vya kulinda taasisi za utafiti wa wanyama mwaka 2005, baada ya kampeni kali iliyoambatana na vitisho dhidi ya kampuni ya Huntingdon Life Sciences. Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 1992, ikaikaza mwaka 2006 kwa kuyaita baadhi ya matendo hayo ugaidi, ingawa sheria yenyewe inasema haizuii maandamano ya amani.

Baadhi ya majimbo ya Marekani yalikwenda mbali zaidi. Idaho, mwaka 2014, ilikataza kurekodi video ndani ya mashamba bila idhini, baada ya picha za ukatili kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa kusambaa. Mwaka 2015 mahakama ililitengua katazo hilo, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba kuzuia kurekodi kunavunja uhuru wa kujieleza. Tunachoweza kujifunza ni kwamba sheria ya kulinda zizi ina kazi yake, lakini ikipanuliwa sana inaweza kugeuka pazia la kufichia maovu.

Ukiona jambo baya, fanya hivi

1. Usivunje wala usiruke uzio. Andika tarehe, saa, mahali na ulichokiona kwa macho yako.
2. Toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wa halmashauri. Kama kuna uhalifu, nenda polisi, na uombe namba ya taarifa yako.
3. Kama wewe ni mfanyakazi wa ndani, fahamu kwamba Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamlinda anayetoa taarifa kwa mamlaka husika kwa nia njema.
4. Usikimbilie kurusha picha kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Video ya zamani kutoka nchi nyingine ikipachikwa jina la shamba la jirani yako, mwenye kesi ni wewe uliyeisambaza.
5. Usiguse mzoga kwa mikono mitupu, na usiubebe kama ushahidi. Kimeta huua watu pia.

Na ukiwa mfugaji uliyeingiliwa, usisafishe eneo kabla polisi hawajafika. Piga picha za uzio na wanyama, mwite daktari wa mifugo aandike chanzo cha kifo au jeraha, na tunza risiti za dawa na chakula. Bila karatasi hizo, fidia huwa ngumu kupatikana.

Makala hii ni ya kukuelimisha. Kila kesi ina mambo yake, kwa hiyo ukishtakiwa au ukitaka kushtaki, muone wakili au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa katika wilaya yako.