Mashaka Mlangoni mwa Kanisa: Hofu za Wakristo wa Kwanza wa Afrika Mashariki

Historia ya Ukristo wa Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kwa kufuata nyayo za wamisionari, yaani tarehe walizowasili, vituo walivyojenga na hesabu ya watu waliowabatiza, ilhali upande wa pili wa historia hiyo, ule wa watu waliosimama mbele ya imani ngeni wakivutiwa nayo na kuiogopa kwa wakati mmoja, hutajwa kwa kupita tu. Upande huo ndio unaoeleza kwa nini makanisa mengine yalimea upesi na mengine yakapasuka, kwa kuwa hofu za waumini wapya hazikuhusu kwanza mafundisho magumu kama Utatu Mtakatifu, bali zilihusu jamaa na maisha: nani atamzika mtu aliyeacha matambiko, nani atakubali kumwoa binti yake, nani atamkinga mbele ya mfalme, na mke wa pili ataelekea wapi siku mumewe atakapobatizwa.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kianglikana la CMS, alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwaka huohuo akawazika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walianzisha kituo Rabai, katika nchi ya Wamijikenda, na miaka mitano ikapita kabla ya kumbatiza mtu wa kwanza, Mringe, maskini aliyekuwa mlemavu, ambaye alipokea maji hayo mwaka 1851 akiwa karibu na kufa. Mzee wa Rabai aliyetazama mambo hayo kutoka nje alikuwa na sababu nzuri ya kusita, kwa maana wageni wenyewe walikuwa wamefiwa, na mwenyeji wa kwanza kupokea ubatizo wao hakuishi. Zaidi ya hapo, heshima ya mtu ilitegemea nafasi yake katika rika na katika kaya, yaani makao matakatifu ya msituni ambako wazee waliomba mvua kwa niaba ya wote, hivyo aliyejitenga na sala hizo alionekana kuhatarisha mavuno ya jirani zake. Si ajabu kwamba aliyetangulia kuvuka alikuwa mtu ambaye jamii haikuwa imempa kikubwa cha kupoteza.

Hofu ya watumwa walioachwa huru ilikuwa ya namna nyingine. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameanza kazi Bagamoyo mwaka 1868, wakiwalea watoto waliokombolewa na kuwajengea kijiji cha Kikristo, na baada ya mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, CMS nayo ilianzisha kijiji cha Freretown ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Watu hawa hawakuwa na wazee wa ukoo wa kuwakaripia, lakini walikuwa na mabwana waliokuwa tayari kuja kuwadai, na watoro waliokimbilia Rabai waliishi na tisho hilo mpaka tarehe 1 Januari 1889, wakati George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikijipenyeza pwani alipotoa hati za uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni, baada ya kuwalipa mabwana wao fidia. Pamoja na woga wa bwana wa zamani kulikuwa na shaka juu ya bwana mpya, kwani mahali palipotawaliwa kwa kengele ya kazi, na ambapo, kama ilivyodhihirika Freretown, mkosaji aliweza kuchapwa viboko, mtu aliyewahi kuuzwa alikuwa na haki ya kujiuliza kama uhuru aliotangaziwa ulikuwa uhuru kweli.

Hata hivyo ni Buganda ndiko hofu ya mwongofu ilikojaribiwa kwa ukali usio na kifani. Wamisionari wa CMS walifika huko mwaka 1877, na Mapadre Weupe wa Kikatoliki wakafuata mwaka 1879 wakiwa na kanuni ya mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, kwamba asibatizwe mtu mzima yeyote mwenye afya kabla ya kufundishwa kwa miaka minne: miaka miwili akiwa mwombaji, anayefunzwa habari za Mungu Muumba na maisha adili, na mingine miwili akiwa mkatekumeni, yaani mwanafunzi aliyekwisha kukubaliwa rasmi kujiandaa kwa ubatizo. Lavigerie aliogopa waumini wa haraka ambao wangerudi nyuma kwa haraka, na kanuni yake, pamoja na ugumu wake wote, ilikuwa na hekima kubwa, kwa sababu ilimpa mtu muda wa kuona mashaka bila kuhesabiwa msaliti. Udhaifu wake ulionekana pale upanga ulipofika kabla ya miaka minne kutimia.

Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, alifariki mwaka 1884, na tarehe 31 Januari 1885, chini ya mwanawe Mwanga, vijana watatu wa Kianglikana, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa. Mapadre Weupe walikuwa wameondoka tangu Novemba 1882 na walirejea Julai 1885, na katika muda huo wa karibu miaka mitatu mafundisho ya Wakatoliki yaliendelezwa na Waganda wenyewe, hasa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi mkuu wa ikulu. Huyo naye alipouawa tarehe 15 Novemba 1885, swali lililowashika wanafunzi wake halikuwa kama wafe au waishi tu, bali kama atapokelewa mbinguni mtu anayeuawa kabla hajabatizwa. Usiku huohuo wengi walikimbilia misheni kuomba ubatizo, Karoli Lwanga akiwa miongoni mwao, na mapadre wakawakubalia bila kungoja miaka itimie. Tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, kabla hawajahukumiwa kifo, Lwanga mwenyewe aliwabatiza wenzake kadhaa, akiwamo Kizito aliyekuwa bado mvulana. Mukasa Kiriwawanvu hakuwahi hata hilo. Alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni akiwa mkatekumeni, na Kanisa likamhesabu kuwa amepokea ubatizo wa damu, yaani kifo cha ushahidi kinachosimama mahali pa maji.

Katika kundi hilo hakuna aliyeonja hofu ya jamaa kama Mbaga Tuzinde, aliyelelewa na mkuu wa wauaji, Mukajanga. Watu wa nyumbani kwake walimsihi akane au akubali kufichwa, na alipokataa, kitu pekee ambacho Mukajanga aliweza kumfanyia ni kuamuru auawe kwa pigo la shingoni kabla ya mwili wake kutiwa motoni. Leo wanakumbukwa mashahidi 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Inafaa wakumbukwe pia waliojificha wakati huo, kwa kuwa miongoni mwao ndimo Kanisa liliendelea kuishi, na woga wao hauwaondolei imani.

Palipokosekana moto, hofu ilijikita katika desturi. Masasi, ambako shirika la Kianglikana la UMCA lilifika mwaka 1876, kijana wa Kiyao, Kimakua au Kimakonde asiyepitia jando, yaani tohara na mafunzo ya utu uzima, alibaki mtoto machoni pa watu hata akiota mvi, na mzazi Mkristo aliona kwamba utii wake kwa Kanisa ungemharibia mwanawe maisha. Vincent Lucas, aliyewekwa kuwa askofu wa Masasi mwaka 1926, pamoja na mapadre Waafrika walioijua desturi hiyo kwa ndani, waliichukua hofu hiyo kwa uzito wake: jando likafanywa chini ya Kanisa, sala zikachukua nafasi ya matambiko, na kijana akatoka akiwa mwanamume mbele ya Mungu na mbele ya wajomba zake. Kwa unyago wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwani huko mamlaka yalikuwa ya wanawake, na wanaume wa Kanisa hawakuwa na mlango wa kuingilia.

Katika nchi ya Wagikuyu mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1929 misheni kadhaa, zikiongozwa na ile ya Kiskoti, ziliwataka waumini watie alama ya dole gumba, iliyoitwa kirore, kuthibitisha kwamba wameacha tohara ya wanawake. Madai dhidi ya ukeketaji yalikuwa ya haki, kwa sababu uliumiza na kuua, lakini njia ya kuwalazimisha watu wachague kwa siku moja kati ya Kanisa na ukoo iliamsha hofu ya zamani kwamba Ukristo ulikuwa mtego wa kuwanyang'anya watu wao na ardhi yao. Waumini walihama kwa wingi, wakaanzisha shule na makanisa ya kujitegemea ambako Biblia iliendelea kusomwa, na wasichana ambao ugomvi ulianza kwa ajili yao wakabaki bila ulinzi.

Hofu iliyopuuzwa kwa muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya mke wa mitala. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, katika mkutano wao wa Lambeth jijini London, waliamua kwamba mume mwenye wake wengi asibatizwe, bali ahesabiwe mwombaji hadi atakapoweza kuishi kwa sheria ya Kristo, ingawa wake zake waliweza kubatizwa katika hali fulani. Katika utekelezaji, mume aliyetaka ubatizo alimbakiza mke mmoja na kuwaacha wengine, na aliyeachwa alirudi kwa ndugu ambao huenda walikwisha kutumia mahari yake, akiwa bila shamba na mara nyingi bila watoto wake, huku akiambiwa kuwa yametendeka kwa ajili ya Injili. Ilipita miaka 100 kabla ya mkutano huohuo, mwaka 1988, kukubali hoja iliyotetewa na Kanisa la Kenya, Askofu David Gitari akiwa miongoni mwa watetezi wake, kwamba mume wa namna hiyo abatizwe pamoja na wake na watoto wake walioamini, kwa ridhaa ya Wakristo wa mahali pake na kwa ahadi ya kutooa tena, wala asilazimishwe kumwacha hata mmoja wa wake zake, kwa sababu ya dhiki itakayompata anayeachwa.