Kutoka Safari za Wasuaheli hadi Peponi: Riwaya ya Gurnah na Suala la Kurudi Nyumbani

Ni rahisi kuipokea Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022, kama mwana aliyerudi nyumbani. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akakulia katika Kiswahili, akaondoka akiwa kijana miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, na riwaya zake akaziandika kwa Kiingereza. Paradise ilitoka mwaka 1994. Ilipita miaka 28, na Tuzo ya Nobeli ya 2021 katikati yake, kabla haijasomeka kwa lugha ambayo wahusika wake wengi wanaisema. Hata hivyo, sitiari ya kurudi haina budi kuchunguzwa, kwa kuwa nyumba yenyewe ina historia ndefu kuliko riwaya.

Mwaka 1901 Carl Velten, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin, alichapisha Safari za Wasuaheli. Miongoni mwa simulizi zilizomo ni ya Selemani bin Mwenye Chande, mtu wa pwani aliyesafiri bara na msafara wa biashara, ukakumbwa na masaibu mikononi mwa mtawala aitwaye Chata. Watafiti wameonyesha kwamba sura za safari katika Paradise, hasa kisa cha Chatu anayeunyang'anya mali msafara wa tajiri Aziz, zina deni kubwa kwa simulizi hiyo. Kisa hiki, basi, kilisemwa kwanza kwa Kiswahili, kikapitia Kiingereza, kikarejea. Lakini kilichorejea si kile kilichoondoka. Selemani anasimulia akiwa upande wa msafara. Chatu wa Gurnah ana hoja yake: amekwisha kudanganywa na mfanyabiashara wa pwani aliyetangulia, na katika ujio wa watu hawa anaona chanzo cha balaa la watu wake.

Hapa ndipo Kiswahili kinapokutana na tatizo ambalo Kiingereza hakikuwa nalo. Maneno ya Chatu huwafikia wageni kupitia mkalimani, Nyundo. Katika Kiingereza, msafara na mwenyeji wake wote wamewekwa katika lugha isiyo ya yeyote kati yao, hivyo wanasimama sawa mbele ya msomaji. Katika Peponi usawa huo hauwezekani, hata mfasiri awe stadi kiasi gani. Upande mmoja unasema kwa lugha yake. Upande wa pili unasikika kwa lugha ya wale unaowashutumu.

Mzigo ni mzito zaidi katika msamiati. Dharau ya wafanyabiashara kwa watu wa bara, ikiandikwa kwa Kiingereza, humkumbusha msomaji vitabu vya wapelelezi wa Kizungu. Katika Kiswahili dharau hiyo ina neno lake la zamani, mshenzi, nalo lina anwani nyingine kabisa. Katika karne ya 19 lilimtenga yule asiyehesabiwa kuwa mwungwana: mtu wa bara, asiye Mwislamu, asiye na mji. Leo vitukuu vya walioitwa hivyo, Tabora, Kigoma na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ni wasemaji wa Kiswahili, na kwa sehemu kubwa ni misafara hiyohiyo iliyokifikisha huko. Hao nao ndio wasomaji wa Peponi. Kukutana na dharau hiyo ndani ya lugha ambayo sasa ni yao ni jambo ambalo msomaji wa London hakutakiwa kulipitia. Ikisemwa kwamba riwaya imerudi kwao, ni lazima iulizwe imerudi kwa nani hasa: kwa wajukuu wa Aziz, au wa Chatu?

Gurnah mwenyewe alilipenyeza swali linalokaribiana na hilo ndani ya riwaya, tena kwa mzaha. Kalasinga, fundi wa magari, anatangaza kwamba anakusudia kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Rafiki zake Waislamu wanamcheka: Kiarabu hakijui, na Kiswahili chenyewe kinamshinda. Yeye anashikilia kwamba ataitoa katika Kiingereza. Kichekesho hiki kinastahili kusomwa upya sasa, baada ya riwaya iliyokibeba kutafsiriwa kwa Kiswahili kutoka Kiingereza. Kalasinga hakudai kuwa anawapa wenyeji kitu kigeni. Alitaka wakisikie kitabu chao wenyewe kwa lugha wanayoielewa, wapate kujua kinasema nini.