Toka daftari mpaka flashi

Ndugu zetu, kila ingénieur agronome anajua Yangambi. Kuanzia 1937 mpaka 1958, wafanyakazi wa INEAC waliandika ndani ya madaftari wakati gani miti inatoa maua na matunda. Hawajamaliza, IBM ikatoa diski ngumu ya kwanza, 1956: uzito kama tani moja, megabaiti 5 tu! Disketi ikafuata 1971, flashi 2000. Leo kadi memori ya giga 32, ndogo kama ukucha, inabeba zaidi ya mara 6000.

Lakini yale madaftari yalidumu, nyuma yakaingizwa kwa kompyuta. Sisi huku Kampene, hesabu ya mavuno tukiiweka kwa flashi moja, ikiharibika, msimu mzima umepotea. Basi tuweke pawili: kwa mashine na kwa karatasi.