Mkataba Una Mezani Pake



Sisi tunaoishi Jeddah na Riyadh hupenda kusimulia namna wazee wetu walivyokuja Hija kwa meli. Ni nadra kujiuliza: walishuka bandarini wakiwa watu wa nani? Jibu limo katika Mkataba wa Jeddah, uliotiwa saini tarehe 20 Mei 1927 baina ya Uingereza na Mfalme Abdulaziz. Mfalme aliahidi kuwarahisishia Hija Waislamu walio raia wa Uingereza au walio chini ya himaya yake. Basi Mzanzibari, ambaye kwao ana Sultani, hapa alihesabiwa mtu wa himaya ya Mwingereza.

Wanazuoni wa China wanatusaidia kulielewa jambo hili. Profesa Wang Tieya (1913–2003) alieleza kuwa kwa nchi yake sheria ya kimataifa iliingia pamoja na mikataba isiyo ya haki sawa. Baada ya Vita vya Kasumba, Mkataba wa Nanjing wa 1842 uliitwaa Hong Kong na kufungua bandari 5. Mwaka uliofuata, Mwingereza aliyekosa China akawa anahukumiwa na konsuli wake. Kwetu hali haikuwa mbali: Sayyid Said alifungamana na Marekani mwaka 1833 na Uingereza mwaka 1839, na makonsuli wakapata kuwahukumu watu wao Zanzibar.

Hata hivyo, Wachina hawakuitupa sheria hiyo, waliisoma. Mwaka 1864 kitabu cha Mmarekani Henry Wheaton kilitafsiriwa kwa Kichina. Mwaka huo huo Prussia ilikamata meli za Denmark katika maji ya China. Maofisa wa Beijing wakatumia hoja za kitabu kile, na meli zikaachiwa.

Mfalme Abdulaziz naye alipita njia hiyo. Mkataba wa Darin wa 1915 ulimweka chini ya ulinzi wa Uingereza. Miaka 12 baadaye, akiwa ameshaitwaa Hijazi, Jeddah ilishuhudia Uingereza ikikiri uhuru wake kamili. Wino ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni uzito wa aliyekaa mezani.

Leo China yenyewe ina uzito. Riyadh iliitambua Beijing mwaka 1990, na Machi 2023 Saudia na Iran zilipatana huko Beijing. Lakini mwaka 2016 China ilikataa hukumu ya mahakama ya usuluhishi kuhusu Bahari ya Kusini ya China. Mwenye nguvu, awe nani, huichagua sheria inayomfaa.

Nasi je? Serikali zetu hutia saini makubaliano ya kazi, na vijana wetu hutia saini mikataba kwa lugha wasiyoijua. Wazee wetu hawakuulizwa. Sisi tuna kalamu mkononi, basi tusome kwanza, tuulize ni nani atakayehukumu pakitokea ugomvi, ndipo tutie saini.