Tallinn: Kilima cha Mabwana na Bandari ya Wavujajasho

Mwanafunzi wa siasa akiambiwa asome historia ya mji, mara nyingi huanza na wafalme na kumaliza na majengo. Njia hiyo haitoshi. Mji hujengwa kwa kazi ya watu. Bandari nzuri haiwi baraka wala laana mpaka ijulikane nani anamiliki ardhi, nani anatunga sheria na nani anabeba mzigo. Tallinn, mji mkuu wa Estonia, unafaa kuchunguzwa kwa sababu tofauti ya matabaka ilionekana katika sura ya ardhi yenyewe.

Mahali penyewe

Tallinn uko pwani ya kusini ya Ghuba ya Finland, katika Bahari ya Baltiki, kiasi cha kilomita 80 kutoka Helsinki ulioko ng'ambo. Visiwa vya Naissaar na Aegna viko mbele ya hori yake. Nyuma ya bandari kuna kilima cha mawe ya chokaa kiitwacho Toompea, chenye kimo cha mita 48 hivi kutoka usawa wa bahari. Hori ilifaa kwa meli, na kilima kilifaa kwa ngome.

Waestonia walikuwa na ngome hapo kabla ya Mfalme Valdemar II wa Denmark kuiteka mwaka 1219. Wengi wanaamini kwamba jina la Tallinn lenyewe linatokana na maneno ya Kiestonia yenye maana ya mji wa watu wa Denmark. Yaani mwenyeji aliuita mji wake kwa jina la aliyemteka.

Mji mmoja, tawala mbili

Mwaka 1248 mji wa chini ulipewa sheria za Lübeck, mji wa wafanyabiashara wa Kijerumani. Baadaye ukawa katika Umoja wa Hansa, ukifanya kazi ya udalali baina ya Ulaya Magharibi na Urusi: chumvi na nguo ziliingia, nafaka, nta na ngozi za manyoya zikatoka. Juu ya Toompea walikaa askofu, wawakilishi wa mtawala na makabaila wenye mashamba. Katikati palikuwa na ukuta na malango. Sehemu hizo mbili ziliendelea kuwa na tawala mbali mbali mpaka karne ya 19.

Wakulima hawakukaa kimya. Mwezi Aprili 1343 waliasi, wakauzingira mji. Viongozi wao waliitwa Paide kwa mazungumzo, wakauawa huko. Mwaka 1346 mfalme wa Denmark aliiuza sehemu hiyo ya nchi, pamoja na watu wake, kwa shirika la askari-watawa wa Kijerumani.

Mwaka 1535 baraza la mji lilimhukumu kifo kabaila Johann von Uexküll kwa kumwua mtwana wake. Je, baraza lilikuwa upande wa wanyonge? Hasha. Desturi ya mji ilikuwa kwamba mtwana aliyekaa mjini mwaka mmoja na siku moja huwa huru, kwani mji ulihitaji nguvu kazi na ulitaka sheria yake iheshimiwe. Ndani ya kuta hizo hizo biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na Waestonia wengi walikuwa wapagazi, wavuvi, waashi na watumishi. Ugomvi wa wanyonyaji wawili unaweza kumpa mnyonge nafasi ya kupumua, lakini haumkomboi.

Uhuru bila ardhi

Sweden iliutwaa mji mwaka 1561, na Urusi mwaka 1710. Urusi ilithibitisha haki za makabaila wa Kijerumani. Mwaka 1816 watwana wa Estonia walitangazwa huru, lakini ardhi ikabaki mali ya kabaila. Mkulima huru asiye na ardhi alilazimika kurudi kwa bwana yule yule kuomba kazi.

Reli ya kwenda St. Petersburg ilifunguliwa mwaka 1870. Viwanda vikaongezeka, Waestonia kutoka mashambani wakamiminika mjini, na tabaka la wafanyakazi likakua. Mwaka 1904 Waestonia, wakishirikiana na Warusi, walishinda uchaguzi wa baraza la mji. Mwezi Oktoba 1905 askari wa Tsar waliwapiga risasi wafanyakazi waliokusanyika katika Soko Jipya, wakaua zaidi ya 90.

Uhuru wa Estonia ulitangazwa mwezi Februari 1918. Sheria ya ardhi ya mwaka 1919 ilitaifisha mashamba makubwa na kuyagawa. Kilichokosekana mwaka 1816 kilipatikana baada ya miaka 103.

Kusema kwa jina la wafanyakazi

Hapa kada asikwepe ukweli mchungu. Mwaka 1940 Muungano wa Kisovieti uliimeza Estonia, ukitekeleza mapatano ya siri na Ujerumani ya Hitler ya tarehe 23 Agosti 1939. Ulisema kwa jina la wafanyakazi. Lakini mwezi Juni 1941 watu kiasi cha 10,000 waling'olewa makwao na kupelekwa mbali, na mwezi Machi 1949 zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Kati ya miaka hiyo, 1941 hadi 1944, Wajerumani wa Hitler nao waliikalia nchi na kuua.

Tarehe 23 Agosti 1989, miaka 50 kamili baada ya mapatano yale, watu wapatao milioni mbili walishikana mikono kutoka mnara wa Pikk Hermann, juu ya Toompea, kupitia Riga mpaka Vilnius. Tarehe 20 Agosti 1991 Estonia ilirudisha uhuru wake.

Fundisho

Mwaka 1997 mji wa kale wa Tallinn uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Watalii husifu kuta na minara. Kada anapaswa kuuliza zaidi: nani aliyapasua mawe haya, na lango hili lilimzuia nani? Historia ya mji huu inatufundisha mambo mawili. Kwanza, uhuru usiogusa ardhi na uchumi ni nusu ya uhuru. Pili, hakuna mtu, hata akitumia maneno yetu wenyewe, awezaye kuwakomboa watu bila ridhaa yao. Anayekaa kilimani bila ridhaa ya walio bandarini ni bwana tu, bendera yake iwe ya rangi yoyote.